Spika nne na harusi isiyokuwepo

Jamani, nimejifungia chumbani, naogopa kutoka.

Leo treni imeniletea kaseti ya video niliyoisubiri mpaka nikakonda. Ni ile bendi yangu ya roki ya zamani, picha imesafishwa upya, sauti eti inakuzunguka pande zote.

Nikamwomba shemeji apange spika nne, zizunguke. Mimi nikakimbilia petroli ya jenereta.

Narudi, spika zimeizunguka nyumba.

Kwa nje!

"Si ndivyo tunavyofunga kwenye harusi?" shemeji ananiuliza.

Sasa nusu ya kijiji chetu cha Kasokola iko uani, wanapiga vigelegele. Na kaseti hata sijaijaribu. Sijui kama picha ni safi kweli au nimeuziwa maneno.

Nyie, nitokeje?

Mama kagonga mlango sasa hivi, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, sijakasirika. Huyo binti ni wa nani?"