Nilikinga rejeta na waya wa mbu, Mama Rukia akauliza upepo umenikosea nini

Wakuu, salamu kutoka Meru.

Hii imenipata mimi mwenyewe, si rafiki ya rafiki. Na sitaitia chumvi. Chumvi niliyo nayo kwa begi ni ya ng'ombe tu.

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa mrija, ile A.I. Wakulima wananiita daktari, na sijawahi kuwakataza.

Ng'ombe akiingia joto hangoji mtu. Una saa chache, ukichelewa unasubiri wiki tatu nyingine. Ndiyo maana nilinunua pikipiki kubwa ya mtumba, ya kupozwa na maji. Watu wa boda wakanicheka: "Daktari, hiyo ni pikipiki ama punda? Mbona inakunywa maji?"

Mwezi wa pili tu, kwa barabara ya kokoto juu ya Kiirua, lori lilirusha jiwe likatoboa rejeta, pale mbele maji yanapopozwa na upepo.

Siku hiyo nilikuwa naenda kwa Mama Makena. Ana ng'ombe mmoja, na maziwa yalikuwa yamebaki ya chai tu. Asipobeba mimba hakuna ndama, na bila ndama hakuna maziwa. Sikufika.

Lile jiwe nililiokota nikalitupa kwa toolbox. Hasira tu.

Rejeta ikazibwa. Guard ya dukani, ile kinga ya kuzuia mawe mbele ya rejeta, nilipoulizia bei nikasema asante nikatoka. Nikachukua waya wa kuzuia mbu dirishani, nikaukunja mara mbili ndio uwe mgumu, nikaufunga mbele. Wakuu, ilipendeza! Nilipiga hadi picha.

Wiki tatu zikaisha, Mama Makena akapiga: "Daktari, ng'ombe inalia tena. Kuja saa hii."

Kupanda tu kutoka mjini, taa ya joto ikawaka. Nikasimama ipoe, nikaenda kidogo, nikasimama tena. Mara nne. Nilifika saa zake zimepita, ng'ombe ametulia, anacheua zake. Mama Makena hakunigombeza. Aliuliza tu kama ile fahali ya jirani ni mbaya sana. Niliona aibu.

Nikirudi, pikipiki ikanichemkia mtaa wa Majengo, mbele ya kibanda cha Mama Rukia. Huyu mama anatengeneza machekeche ya nafaka. Ananunua waya, anakunja bati la fremu, wenye kuuza nafaka wanatoka hata Mikinduri kumfuata.

Akainama akaangalia mbele ya rejeta.

"Hili chekeche la wimbi kakuwekea nani?"

"Mimi," nikasema. Kwa kiburi kidogo, sitadanganya.

"Unachuja nini?"

"Mawe."

"Mawe umeyakataza, sawa. Upepo nao umekukosea nini?"

Wauza nyama wa jirani wakacheka mpaka kisu kikawekwa chini.

Ilipopoa, alifungua ule waya wangu, akaweka kiganja nyuma, akapuliza kwa mdomo. Akanishika mkono, akaweka kiganja changu pale, akapuliza tena. Sikusikia kitu. Ndivyo anavyopima kila chekeche kabla ya kuuza.

Kisha akaniambia, "Lete jiwe lililokuumiza."

Nani hutembea na jiwe lililomuumiza? Mimi! Nikalitoa kwa toolbox. Akacheka, ila alilipokea kwa heshima zote.

Akaliangusha juu ya chekeche la mahindi, likapita. La maharagwe, likakwama. La ndengu, likakwama pia. Mimi nikadaka la ndengu, lina matundu madogo zaidi.

"Acha hilo. Chukua lenye tundu kubwa kuliko yote yaliyolikataa. Ukipunguza tundu zaidi ya hapo unanyima upepo bure."

Wakuu, mimi ni mtu wa Siakago, kwenye ndengu zenyewe. Nimekula ndengu zilizochekechwa na mama yangu tangu nimeota meno, na sikuwahi kufikiria hivyo.

Akakata waya wa maharagwe, akakunja ncha zote ndani, akaacha nafasi ya kidole kati ya waya na rejeta ili jiwe likigonga waya usiguse nyuma. Kwa kona nne akaweka vipande vya tube kuukuu ya tairi ili waya usikwaruze. Bei yake haifiki hata ya mafuta ya kwenda Kiirua. Yule mama ni fundi, wacha niseme wazi.

Wiki tatu tena, simu. Nikapanda. Kwa ile kokoto nilisikia ting, ting mbele, na taa ya joto haikuwaka. Mama Makena alikuwa kwa geti, kamba mkononi, jirani amemwambia fahali iko tayari. Akaitupa kamba. Nikafanya kazi yangu.

Halafu nikaanza kuogopa simu. Kwa kazi hii simu ya baada ya wiki tatu ni habari mbaya: ng'ombe amerudi joto.

Siku ya ishirini na tatu ikalia. Mama Makena.

"Daktari, nimekupigia nikuambie sina kitu ya kukuambia. Hailii. Imekula, imelala."

Nilisimamisha pikipiki kando ya barabara, nikacheka peke yangu.

Nilichojifunza: kukinga si kuziba. Na fundi wako anaweza kuwa kwa kibanda cha nafaka, si gereji.

Wenye guard za kujitengenezea nyumbani, wekeni kiganja nyuma mpulize. Kisha mniambie hapa kama pumzi imefika.