Ng'ombe Waliohesabiwa Mara Mbili

Sijasahau, na sina nia ya kusahau. Mtaalamu wa kompyuta alipofika kijijini kwetu Mtinko, mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, nimebeba mizigo stesheni ya Manyoni, nimeswaga ng'ombe wa mnada mpaka nyayo zikawa ngumu kama kwato. Vijiji vya ujamaa ndiyo kwanza vilikuwa vinapangwa. Yeye alitaka kujua kila kaya ina ng'ombe wangapi, ili mashine ya Dar es Salaam ikokotoe malisho na maji. Mimi nilitaka kuiona hiyo mashine. Tukapatana: nimfanyie kazi ya kuuliza, naye aandike jina langu kwenye ukurasa wa kwanza wa chapisho la utafiti huo, chini ya lake. Kwa karatasi hiyo, alisema, hata mtu asiye na cheti angepokelewa kwenye chumba cha kompyuta.

Wiki ya kwanza aliuliza mwenyewe, hakupata kitu. Kwetu ng'ombe hawanyooshewi kidole wakahesabiwa. Mama yangu mdogo, mjane mwenye zizi lake, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia mimi, si yeye, "Mwanangu, anayetaka hesabu ya ng'ombe ni fisi au mtoza kodi. Huyu wako ni yupi?"

Nikamwomba mtaalamu akae pembeni, anipe daftari. Sikuuliza idadi. Nilimwomba mama mdogo anisifie ng'ombe wake. Mfugaji gani atakataa? Akaanza: mweusi mwenye baka jeupe ubavuni, mwekundu aliyevunjika pembe, yule wa kijivu mkaidi wa kukamuliwa. Kila sifa, mstari mmoja. Nilizunguka kaya kwa kaya namna hiyo kiangazi chote.

Palikuwa na jambo moja la kuangalia. Wafugaji wetu huweka baadhi ya ng'ombe kwa rafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote katika zizi moja. Mwenye ng'ombe huwasifia, kwa kuwa ni wake. Anayewatunza naye huwasifia, kwa kuwa anakunywa maziwa yao. Basi kila ng'ombe wa kuwekwa nilimtia msalaba mdogo pembeni, kwenye orodha ya yule anayemtunza, asihesabiwe tena. Nilimweleza mtaalamu, akaitikia kwa kichwa. Alinakili kila kitu kwenye karatasi zake, akaniachia madaftari, akaondoka.

Nilimwandikia barua tatu. Hakujibu hata moja.

Miaka ikapita. Siku moja kijijini akaja mtafiti mwingine, kijana mwenye adabu, akiulizia mtu wa kumzungusha kwenye kaya. Wakanileta mimi.

"Ndugu," alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba, "usiwaulize idadi. Waombe wakusifie ng'ombe wao."

Nilimwuliza ni nani aliyebuni njia hiyo. Akatoa chapisho kwa fahari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la mtaalamu peke yake. Mimi nilikuwa ndani, maneno mawili: msaidizi mwenyeji. Kijana akaniambia kazi ile imenukuliwa na wataalamu wengi, hadi ng'ambo, na mtaalamu mwenyewe amepanda cheo kwa ajili yake.

Nikatazama majedwali. Kiingereza kilinipita, tarakimu hazikunipita. Nikaenda kuleta madaftari. Nikalinganisha: ng'ombe wa misalaba walikuwa wamejumlishwa na wengine kwenye majedwali. Kwenye kadi ambazo kijana alisema hutobolewa ili mashine isome, hakuna aliyekumbuka kuipa misalaba tundu.

"Ng'ombe hawa aliwahesabu mara mbili," nikamwambia. "Na wote mnaomnukuu mmewahesabu pamoja naye."

Kijana akanyoosha mkono apokee daftari. Angesahihisha, alisema. Nikamtaka kwanza aandike jina langu, kwa wino, mbele yangu, juu ya makala yake. Akanijibu kwa upole kwamba mtu wa darasa la tano hawezi kuwa mwandishi wa makala, ila angenishukuru mwishoni.

Nikafunga daftari. Mama mdogo alikuwa akipeta mtama karibu nasi.

"Huyu fisi amelelewa," akasema bila kuinua macho. "Anaamkia kwanza."

Kijana alirudi Dar mikono mitupu. Madaftari ninayo, na misalaba yake yote. Wao wanaendelea kunukuu ng'ombe ambao hawakuwapo. Chumba cha kompyuta sijakiona.