Mtungi Uliovimba

Miaka kumi na tisa ameshinda katika chumba cha nyuma cha maabara akipima udongo wa watu wanaotaka kujenga. Wenzake wanamwita Dada Mara Mbili, kwani hakuna kitu anachokipima mara moja, hata sukari ya chai. Mara moja tu maishani alisaini karatasi kabla ya kurudia kipimo, na kiwanja kilikuwa cha mdogo wake wa kike, aliyekuwa akimpigia simu kutwa: "Dada, mafundi wananisubiri!"

Sasa amesimama mbele ya mitungi miwili ya kioo, haelewi kitu. Udongo wa wiki iliyopita umetulia chini vilevile alivyoumwaga. Kwa huo aliandika: hauvimbi, jenga. Wa jana, alioupima ili roho itulie, umevimba karibu mara mbili.

"Mfuko mmoja, udongo mmoja," alinung'unika. "Nani mwongo hapa?"

Akaishuku mizani, ilikuwa sawa. Akayashuku macho, akafuta miwani. Mwishowe akamvaa mlinzi mlangoni.

"Mzee, nani kagusa mitungi yangu?"

"Niguse matope yako nina wazimu? Mimi nilikuletea maji tu wiki iliyopita, siku ile bomba lilipokauka."

"Maji ya wapi?"

"Ya kisima cha nyuma. Nikakuuliza, ukasema maji ni maji."

Alirudi mbio, akachovya kidole kwenye mtungi wa wiki iliyopita, akaonja. Chumvi tupu! Kumbe chumvi ndiyo iliyouzuia ule udongo wa mfinyanzi usivimbe. Ukipata maji ya bomba yasiyo na chumvi, unakunywa na kufura, na ukifura chini ya nyumba unainua msingi na kupasua kuta. Na mvua haina chumvi.

Akapiga simu.

"Mdogo wangu, simamisha mafundi."

"Niwasimamishe nini tena? Zege la msingi walimwaga jana, nimekaa juu yake hapa nakunywa chai. Halafu dada, manyunyu yameanza! Fundi anasema ni bahati, zege litakomaa vizuri."

Dada Mara Mbili aliutazama mtungi uliovimba.

"Kwani dada, si wewe uliyesema nijenge?"

"Ni mimi," alisema. "Shuka hapo, mdogo wangu. Nakuja."