Ile Picha ya Kikundi Niliipost Mimi

Admin, naomba jina langu usiweke popote, hata herufi ya kwanza. Watu wa Nakuru tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Kiamunyi, watoto wangu ni wakubwa sasa. Zamani nilikuwa mtangazaji kwa stesheni ndogo ya redio. Ilipofungwa nikaanza kukusanya watu wanaotoa habari za kwao wenyewe, bila kuajiriwa na gazeti wala kutumwa na mwanasiasa. Kuna mwalimu mstaafu mwenye peji ya kijiji chake, kuna dada wa Njoro anayerekodi baraza za chifu, kuna fundi wa baiskeli anayejua kila bomba lililopasuka. Mara moja kwa mwezi tunakutana kwa ukumbi wa kanisa, tunasomeana habari na kuulizana, "Hii umeiona kwa macho ama umeambiwa?" Kazi yetu ni hiyo.

Miaka sita nimebeba hicho kikundi na jamani, nimechoka. Kubembeleza watu wa ukumbi ni mimi. Kupigia kila mtu simu ni mimi, kupika chai ni mimi, kupatanisha waliotukanana kwa grupu ya WhatsApp ni mimi. Kuna miezi tulikuwa tunakuja watu watano, na wawili wao walifuata chai tu. Bwanangu aliwahi kuniambia, "Wewe hauna wanahabari, uko na wageni." Nilicheka lakini iliniuma.

Sasa sikieni. Miezi michache imepita tangu mmoja wetu alete mama fulani, nimwite Mama Chebet, aliyekuwa anafanya kibarua kwa shamba kubwa la viazi huko Mau Narok. Alitueleza vile wanapiga dawa bila glavu wala kitu cha kufunika mdomo, na vile mwenzake aliharibika macho akaambiwa aende nyumbani apumzike. Kabla aanze alituuliza, "Mmesema sura yangu haitaonekana, ama?" Mimi ndiye nilimjibu. Nikamwambia, "Mama, hapa uko kwa watu wako." Na kweli habari yenyewe tuliitoa bila jina lake wala sauti yake.

Lakini siku hiyo ukumbi ulijaa. Watu ishirini na watatu! Nilikuwa nimesahau kikundi kikijaa kinakaaje. Na mnajua mkutano wa Kenya hauishi bila picha ya pamoja. Tukajipanga, Mama Chebet akasonga kando huko nyuma karibu na mlango, tukapigwa. Watu wakaanza kutawanyika. Nikachukua simu ya kikundi, ile tunayotumia kupost, nikaiweka hiyo picha kwa peji yetu na maneno mawili, "Tuko wengi." Nikarudisha simu mezani, nikaenda kuosha vikombe.

Siku mbili hazikuisha. Supavaiza wake aliiona picha, akamtambua kwa sweta aliyovaa, akajua ile habari ya shamba ilitoka kwake. Alifutwa kazi, na ile nyumba ya shamba aliyokuwa anaishi akaambiwa ahame siku hiyo hiyo. Sasa anakaa kwangu, na wasichana wake wawili wamepelekwa kwa nyanya yao. Kila asubuhi ananiambia asante, Mungu akuzidishie. Mimi namwongezea chai.

Tulipokutana tena kulikuwa na moto. "Nani alipost?" Ilikuwa zamu ya Kimani kuweka simu ya kikundi. Kimani ni jamaa wa miaka thelathini hivi, mtu wa haraka, anaweza kupost kitu akitembea, na hilo kila mtu analijua. Wote wakamgeukia. Akasema, "Haki ya Mungu si mimi. Simu ilikuwa mezani, mtu yeyote angeichukua." Hakuna aliyemwamini. Mwalimu akamwambia, "Wewe kubali tu, tukusamehe yaishe." Na mimi nikiwa hapo kwa kiti cha mwenyekiti nikasema, "Jamani, tusigombane." Basi. Kimani akaacha simu mezani, akatoka. Alikuwa mkono wangu wa kulia huyo.

Nilijidanganya ati nanyamaza kwa ajili ya kikundi. Ati nikisema, nani atatuletea habari tena kama mwenyekiti mwenyewe ndiye anayeanika watu? Uongo. Niliogopa aibu, na nilikuwa nimechoka sana, sikuwa na nguvu ya kuanzisha vita vingine.

Juzi asubuhi tulikuwa tunamenya viazi na Mama Chebet. Akaniambia Jumamosi anataka kuja na mimi mkutanoni, na akaniomba nimwite Kimani. Nikashtuka. "Unataka kumfanya nini?"

"Simtakii mabaya," akasema. "Nataka tu kumwuliza, kabla aweke ile picha, aliniona ama hakuniona? Kama hakuniona, hiyo ni bahati mbaya, nitaachia Mungu. Nataka tu kujua kama aliniona."

Nikamwambia nachota maji. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia hadi kichwa kikauma.

Kwa sababu mimi nilimwona. Hiyo sijaambia hata bwanangu. Niliangalia picha vizuri kabla nipost, nikamwona hapo nyuma amegeuka upande, nikajua ni yeye. Kumkata kwa picha ni kazi ya dakika moja. Nikasema aah, anaonekana kidogo, nani atamjua. Nilitaka tu watu waone vile tumejaa.

Jumamosi ni kesho kutwa. Kimani amekubali kuja, anasema anakuja kusafisha jina lake. Mama Chebet ameshafua ile sweta, iko kwa kamba huku nje. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini mniambie: akiuliza hilo swali mbele ya watu wote akimwangalia Kimani, mimi nitafanya nini?