Kiboko Aliyejua Kushona

Utotoni nilikuwa mtu mashuhuri mtaani kwetu Nyegezi, kwa sababu niling'atwa na kiboko nikapona. Kovu lilikuwa kinenani, mahali pasipoonyeshwa watu, na hilo liliipa hadithi heshima zaidi. Mama ndiye aliyenisimulia: nikiwa mchanga alinilaza ufukweni, upande wa Kamanga, akawa anafua, kiboko akatoka ziwani. Kila nilipowasimulia wenzangu, kiboko aliota jino jingine. Nilipofika darasa la tano, walikuwa viboko wawili.

Ukubwani nikawa nasumbuliwa na yutiai isiyokwisha, mkojo ukiniuma kila mara. Nikamsimulia daktari historia yangu yote kwa majigambo. Akanipima, akajikaza asicheke.

"Dada, kiboko huyo alikuwa fundi. Ameshona vizuri kabisa."

Nilirudi nyumbani nimefura, nikambana mama. Mama akalia, akasema ukweli: nilipozaliwa, wakunga walinitazama wakashindwa kusema kama ni wa kike au wa kiume. Madaktari wakaamua niwe wa kike, wakanikata, wakawashauri wazazi wanyamaze. Mimi ni mwanamke, sina ugomvi na hilo. Lakini sehemu ile sihisi kitu, na hakuna aliyeniuliza. Iliniuma, na bado inaniuma. Hata kiboko nilimlilia, maana nilikuwa nimemzoea.

Mwaka huu kaka yangu amepata mtoto, naye kaja vilevile nilivyokuja mimi. Daktari alisema vipimo ni vizuri, mtoto ananyonya na kukojoa, hakuna haraka. Upasuaji wa kubadili umbile unaweza kusubiri hadi aamue mwenyewe. Kaka akataka ufanyike upesi, watu wasije wakasema. Ukoo ukakutana.

Babu yetu ni Msukuma wa zamani, mambo yote kwake huanzia zizini. Akauliza, "Sasa huyu, ng'ombe wa mahari wataingia au watatoka?"

"Hatujui, babu."

"Mimi nijiandae vipi?"

"Kwani harusi ni kesho?" shangazi akamrukia. "Mtoto hata shingo haijakaza!"

Babu akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu anayeuziwa ndama mgonjwa. "Basi ng'ombe wangoje. Majani yapo."

Tukacheka mpaka mtoto akaamka. Kaka peke yake hakucheka.

"Nyie chekeni tu. Akikatwa sasa hivi hatakumbuka chochote. Dada huyu hapa, anakumbuka nini?"

Wote wakanigeukia. Nikaogopa, maana nilijua jibu langu ndilo litakaloamua.

"Sikumbuki kitu," nikasema. "Lakini ndio mwili ninaoishi nao kila siku, kaka. Na mimi ningependa kuulizwa."

Kaka akainamisha kichwa. Mama akainuka, akamchukua mtoto mapajani mwa kaka, akamfunga mgongoni kwa kanga.

"Huyu haendi kukatwa," akasema. "Mimi sina kiboko mwingine wa kumtungia."