Niliiloweka Kahawa ya Mama kwa Gongo

Ndugu wasomaji, jina langu wanalijua wenye ukurasa huu tu, nao wameniahidi kulificha. Nina miaka ishirini na miwili, ninaishi Kirumba hapa Mwanza, na nina wivu. Nasema mapema msije mkanionea huruma bure.

Nilianza kunywa gongo, ile pombe kali ya magendo, nikiwa na miaka kumi na sita, nalala sokoni Mwaloni juu ya magunia ya dagaa. Aliyeniokota ni mama mmoja Mhaya, nesi mstaafu. Nyumba yake ina vitanda sita vya wasichana kama mimi, na sharti moja: anayeingiza gongo ndani anaondoka siku hiyo hiyo. Kiu ikikubana anakupa kahawa ya kwao Bukoba, ile ya kutafuna, iliyochemshwa ikakaushwa. Jumapili baada ya chakula kikapu cha kahawa kinazungushwa, na kwa desturi yao anayekizungusha hutafuna wa kwanza, wengine waone kuwa ni salama.

Mwaka mzima kikapu kilikuwa changu. Weee, nilikishika kama mke mkubwa! Akaja Modesta (si jina lake). Miezi minne tu, hata mikono haijaacha kutetemeka, Mama akaniambia, "Mwanangu, mpe mwenzio kikapu, naye ajione mtu." Nilitabasamu, moyoni nawaka. Sukari tuliyoipangia foleni duka la ushirika ikaishia kwenye uji wa Modesta. Modesta kasuka, oh, kapendeza. Mimi ninayechotea nyumba nzima maji, nani aliniona?

Jumamosi moja nikaenda kwa muuza gongo nyuma ya soko, nikarudi na kichupa kifuani. Niliimiminia kahawa kikapuni hadi ikalowa, nimeziba pua, maana na mimi ninajijua. Nilidhani Modesta atatema, Mama atanusa, atamgombeza na kunirudishia kikapu. Basi. Kumfukuza, kwa alivyompenda? Sikuwaza.

Kesho yake Modesta akasimama, akatafuna punje moja. Akachukua nyingine, kisha akajaza kiganja, anatafuna huku machozi yanamtoka na hawezi kuacha. Mama akampokonya kikapu, akanusa.

"Nani ameingiza hii?"

"Haki ya Mungu si mimi, Mama!"

"Mbona hukutema?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, nikainamia sahani yangu. Mama alimfungia nguo kwenye kanga yake mwenyewe, huku analia kwa sauti. Na hata saa ile, Mungu anisamehe, nilichowaza ni kwamba mimi hajawahi kunililia.

Kikapu nimerudishiwa. Lakini kitanda cha Modesta Mama hataki mtu akilalie, anakitandika mwenyewe kila asubuhi. Mimi nipo hapa hapa, yeye anamtandikia aliyeondoka!

Juzi nilimkuta Modesta Mwaloni, midomo imebabuka, ananuka gongo saa nne asubuhi. Nilidhani atanirukia. Akaniuliza, "Dada, Mama hajambo? Mwambie sikuleta mimi."

Nikamjibu, "Nitamwambia." Sijamwambia. Na gari la kukamata wazururaji linapita pale karibu kila siku. Likimchukua, atapelekwa kulima kijiji cha mbali, hata tusijue pa kumuulizia.

Nikisema, sharti ni lile lile, na sina kwingine pa kwenda. Nikilala Mwaloni siku moja, ya pili nimelewa. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi, nalisema kwa aibu: Mama atamfuata Modesta mbio, atamkumbatia, na mimi nitakuwa mlangoni na kifurushi changu, nawatazama.

Jumapili nitasimama na kikapu, na wale wasichana wananisubiri nitafune ndipo waamini. Ndugu zangu, nishaurini. Niseme kwanza, au nitafune ninyamaze?