Kikao cha Bajeti Kwenye Mwani

Fedha za serikali za kukarabati shule yetu ya msingi hapa Kibuyuni zilipofika, zilitosha kitu kimoja tu: lango jipya au milango ya vyoo vya wasichana. Mume wangu, aliyekuwa kwenye kamati, alilitaka lango. Alilichora mwenyewe kwenye karatasi, lina tao juu. Akafariki, wazazi wakanipa mimi kiti chake, nami nilidhani kazi yangu ni kulitetea lango lile. Ningelitetea kweli, lau si binti yetu wa darasa la sita. Vyoo vilikuwa wazi, kwa hiyo kila mapumziko alikimbia nyumbani kujisaidia, na siku nyingine hakurudi darasani.

Mwalimu mkuu, mgeni kutoka bara, aliita wazazi Jumanne saa nne asubuhi. Nilipofika niliwakuta wanaume sita na yeye.

"Wazazi wa huku hawajali shule," alisema.

"Wanajali, mwalimu. Leo ni bamvua. Maji yametoka, kina mama wote wako kwenye mwani. Hawatatoka mpaka maji yajae."

Alitazama saa yake, kisha akavua viatu.

Tukateremka naye hadi ufukweni, wanaume wakitufuata. Kina mama walikuwa wameinama kwenye kamba zao, maji magotini, wakifunga miche ya mwani wa kuuza.

"Karibu mwalimu. Kunja suruali zaidi, hapa hakuna wa kukucheka," alisema mmoja, na wenzake tayari wanacheka.

"Na kamba hiyo usiikanyage. Hiyo ni sare ya mwanangu," akaongeza mwingine.

Mwalimu akaisoma bajeti yote kwa sauti: chaki, vitabu, mlinzi, na zile fedha za ukarabati. Nikamshikia beseni langu, akaweka daftari juu yake aandike.

"Wanaotaka lango?"

Wanaume sita waliobaki mchangani wakanyoosha mikono. Wifi yangu, dada wa marehemu, akanigeukia.

"Wifi, na wewe? Lango ni la kaka yangu."

"Najua."

"Leo unampinga?"

"Nampinga. Yeye hakuwahi kuchutama pale bila mlango."

Akaangua kicheko mpaka kamba ikamponyoka. Wenzake wakafuata. Nami nikacheka, ingawa moyoni niliona kama nimemnyang'anya marehemu kitu.

"Wanaotaka milango?"

Mikono ikainuka, mwani ukining'inia vidoleni. Mwalimu akahesabu, akasita.

"Mama, wewe umeinua miwili."

"Nina mabinti wawili."

Milango ilipowekwa, wasichana wadogo walipanga foleni siku nzima, si kwa haja, bali waonje kufunga komeo. Kengele ililia mara tatu kabla hawajaingia darasani. Siku hiyo binti yangu alifika nyumbani saa kumi, masomo yalipokwisha, njaa inamuuma, akauliza chakula kiko wapi.